Kwa nini Wakatalunya huadhimisha siku waliyoshindwa

Ndugu, umeuliza kwa nini Wakatalunya, watu wa jimbo la Katalunya nchini Hispania, wanaadhimisha siku waliyoshindwa vitani. Ni kweli, tarehe 11 Septemba 1714 Barcelona iliangukia mikononi mwa majeshi ya Mfalme Felipe V wa Hispania baada ya kuzingirwa zaidi ya mwaka mzima. Lakini kilichouma zaidi kilikuja 1716: amri ya kifalme iliyofuta taasisi na sheria zao za kale. Hicho ndicho wanachokikumbuka wanapoweka maua kwenye sanamu ya Rafael Casanova, kiongozi wa jiji aliyejeruhiwa siku ile. Franco, dikteta wa Hispania, aliipiga marufuku siku hiyo. Bunge lao likaifanya rasmi mwaka 1980. Tangu 2012 imetawaliwa na maandamano ya kudai uhuru, ingawa si kila anayeiheshimu anataka kujitenga na Hispania.