Mkono ukiuma, weka gitaa chini

Weka gitaa chini leo hii, ndugu yangu. Unasema unapiga masaa sita kwa siku, kifundo cha mkono wa kushoto kinawaka moto mpaka kwenye kiwiko, na mwalimu anakwambia vumilia, mkono utazoea. Hautazoea! Nami niliambiwa hivyohivyo, nikaamini kwa sababu aliyesema alikuwa anapiga kuliko wote niliowajua. Maumivu yalianzia kwenye kodi (chords, sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) zile za kubana nyuzi zote kwa kidole kimoja. Baadaye yakawa yananijia hata sijagusa gitaa, halafu kidole cha mwisho kikaanza kufa ganzi usiku. Nilikaa miezi bila kupiga hata wimbo mmoja. Kupiga vizuri ni kitu kimoja na kufundisha ni kingine, na mpaka leo nakasirika nikisikia mwanafunzi anaambiwa avumilie, maana atakayebaki na mkono mbovu si mwalimu.

Ncha za vidole kuuma kwa anayeanza ni kawaida, ngozi ikiota sugu yanaisha. Ila kifundo, kiganja, kiwiko, ganzi, kuchomachoma, hiyo si ngozi tena, ni kano au neva, na ukizidi kuzitumikisha unazidi kuziumiza. Robert Schumann, mtunzi wa muziki wa Kijerumani, aliharibikiwa mkono wa kulia angali kijana, na safari ya upigaji piano ikaishia hapo, akabaki kutunga. Leon Fleisher, mpiga piano wa Marekani, vidole vya mkono wake wa kulia vilianza kujikunja vyenyewe miaka ya 1960, akapiga miaka na miaka kwa mkono wa kushoto peke yake. Hao ni mabingwa, sembuse sisi.

Piga dakika 20, simama, legeza mabega, ndipo urudi. Chukua kipande kifupi, metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mapigo, iwe mapigo 60 kwa dakika, usipandishe mpaka kitoke safi mkono ukiwa umelegea. Na pima nguvu unayotumia: bonyeza karibu kabisa na freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa, punguza taratibu mpaka uzi uanze kukwaruza, kisha ongeza kidogo tu. Nguvu inayotakiwa ni hiyo, na nina hakika wewe unatumia mara mbili yake, gumba likiwa limekaba shingo ya gitaa.

Hayo mengine uliyouliza, nyuzi gani ununue na kusoma nota, tutaongea mkono ukipona. Ganzi isipoondoka ukishapumzika, nenda kwa daktari, umwambie wazi unapiga masaa mangapi.