Anasoma herufi zote, lakini mishipa ya retina inavuja

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni tabibu wa zahanati. Nina mgonjwa wa kisukari, huu ni mwaka wake wa 9, na chati ya herufi anaisoma hadi mstari wa chini. Nilimpa rufaa, akarudi na majibu kwamba mishipa ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ina vivimbe na imeanza kuvuja. Akaniuliza: sukari iko kwenye damu, jicho linaingiaje hapo? Nikakwama. Nieleze kinachotokea ndani ya seli, na mwendo wa damu unavyobadilika.

JIBU: Marahaba. Anzia mlangoni. Seli ya msuli hungoja insulini ndipo ifungulie glukosi kwa wingi. Seli za mishipa ya retina hazingoji; mlango wao, GLUT1, hauhitaji insulini. Sukari ikipanda kwenye damu, na ndani ya seli hupanda.

Ziada hiyo haikai bure. Sehemu yake hugeuzwa kuwa dayasiligliseroli, aina ya mafuta ambayo kwa kawaida huamsha kimeng'enya cha PKC kwa muda mfupi tu, seli inapopokea ujumbe kutoka nje. Kwenye kisukari PKC huamshwa bila ujumbe wowote kufika, na hakilali, kama honi ya daladala iliyonasa. Matokeo yake endothelini, inayobana mishipa, huongezeka. Nitriki oksidi, inayoitanua, hupungua. Na VEGF, inayolegeza maungio ya seli hadi majimaji yapenye, hupanda.

Wanaoumia mapema ni perisaiti, seli zinazoikumbatia kapilari, mshipa mdogo kabisa wa damu, kwa nje. Retina inazo nyingi kuliko karibu kiungo kingine chochote, takriban moja kwa kila seli ya ukuta wa ndani. Ukuta huo huzitumia ujumbe wa PDGF unaoziweka hai. Sukari ikizidi, kimeng'enya kiitwacho SHP-1 huzima kipokezi cha ujumbe huo. Ujumbe unatumwa, perisaiti haisikii, inakufa. Ukuta uliobaki bila mshikizi hufutuka, na hivyo ndivyo vivimbe alivyoandikiwa mgonjwa wako.

Sasa damu. Mishipa ya retina haiongozwi na neva za kujiendesha kama mishipa ya mkono au utumbo. Husikiliza seli jirani. Mulika jicho lenye afya kwa mwanga wa kupepesa: mishipa hutanuka kwa asilimia chache, maana seli za neva zimeomba damu zaidi. Kwa mwenye kisukari mtanuko huo hupungua, mara nyingi kabla daktari hajaona doa lolote kwenye retina. Kwangu mimi ugonjwa unaanzia hapo, kwenye mawasiliano. Kuvuja ni sura ya baadaye.

Kumbuka pia kwamba baadhi ya kapilari hizo ni nyembamba kuliko chembe nyekundu yenyewe, hata chembe hujikunja ili ipite. Chembe nyeupe ni kubwa zaidi, na ukuta uliochokozwa na sukari huzinasa. Kapilari huziba, eneo lake hukosa oksijeni, VEGF hupanda tena, safari hii hadi kuotesha mishipa mipya dhaifu inayovuja damu ndani ya jicho. Ndiyo sababu sindano za kuzuia VEGF husaidia. Dawa ya kuzuia PKC, ruboksistaurini, ilijaribiwa kwa wagonjwa lakini haikufika madukani. Njia za uharibifu ni nyingi, ukiziba moja nyingine ziko wazi.

Kuhusu chati: inapima makula, kitovu cha retina. Pembeni kapilari zinaweza kufungwa moja moja na mtu akaendelea kusoma gazeti. Wala ugonjwa hauumi.

Mwambie kudhibiti sukari kunalipa: katika utafiti wa DCCT wa Marekani na Kanada, uliotolewa 1993, udhibiti mkali ulipunguza kuanza kwa ugonjwa huu kwa 76% kwa wenye kisukari aina ya kwanza. Ila usiishushe kwa pupa kabla macho hayajakaguliwa, kwa sababu retina iliyokwisha kuumia inaweza kuzidi kuumia kwa muda. Shinikizo la damu nalo lipimwe. Na siku ya kutiwa matone ya kupanua mboni, pikipiki aiache nyumbani.