"Sukari nyingi" za mwani?

SWALI: Assalaam aleikum, mwalimu. Nasomea kemia, nakaa Likoni. Nilikuwa nikimweleza mamangu ninachosoma, yaani polisakaraidi za mwani wa kijani. Nikasema "sukari nyingi za mwani." Akaniuliza kama huo mwani hutiwa chai. Nimekosea wapi?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Mamako hakukosea. "Poli" kwa Kigiriki ni nyingi, kweli, lakini sukari kwa Mswahili hupimwa, haihesabiwi. Ukisema "sukari nyingi" anasikia kiasi: chai imezidi. Wewe ulikusudia muundo, molekuli ndogo za sukari zilizoungana zikawa moja kubwa. Tena zikishaungana hivyo hata utamu huondoka. Wanga wa muhogo nao ni polisakaraidi, na nani aliutia chai?

Kwenye maandishi ya kitaalamu andika polisakaraidi, ngeli ya I-ZI, wala usione haya kutohoa. Kwa mamako sema "koja la sukari". Koja la asumini analijua: kila ua ni sukari moja, na uzi ni kile kiungo cha oksijeni kinachoshika hii na ile.

Sasa chukua ulvani, polisakaraidi ya mwani wa jamii ya Ulva, ule mwembamba kama karatasi unaoshika mawe ufuoni. Koja lake lina maua ya kupokezana. Kwanza sukari iitwayo ramnosi, iliyobeba salfeti (kikundi cha sulfuri na oksijeni) kwenye kaboni ya 3, maana kaboni za kila sukari hupewa namba. Kisha sukari iliyo asidi, ya glukuroniki au iduroniki, na pengine sukari ya zailosi. Halafu ramnosi tena. Kaboni ya 1 ya sukari hii hushika kaboni ya 4 ya inayofuata. Salfeti na asidi hizo zina chaji hasi, ndiyo maana ulvani hukubali kutoka kwenye mwani kwa maji ya moto. Selulosi, ambayo pia imo katika mwani huohuo, ni koja la glukosi tupu, na maji hayaiwezi.

Mwani ni ngeli ya U-I: mwani huu. "Miani" imo kamusini, ila mimi sijamsikia mvuvi akiitamka.

Kinachonisumbua zaidi ni hiyo "wa kijani" (wazee wangesema chanikiwiti, neno tamu linalopotea). Kotonii, mwani unaolimwa Kibuyuni, kule Kwale, huweza kuwa kijani machoni, lakini wataalamu huuweka katika kundi la mwani mwekundu, na koja lake ni karajinani, la sukari ya galaktosi, si ulvani. Kwa hiyo "mwani wa kijani" liache liwe jina la kundi, na unapotaja rangi tu sema "mwani ulio kijani". Ukimwambia mamako kwamba huu ni mwani mwekundu ulio kijani, jitayarishe kwa swali jingine.