Mbwa wa jirani wanachafua majani ya nyumbani kwangu: je, naruhusiwa kuwawekea sumu?

Swali: Asalaam alaykum, Shehe. Ninakaa Himbi, hapa Goma. Katika parsele yangu nimeotesha majani juu ya udongo ulioletwa kwa gari, kwa sababu chini ni makoro matupu, yale mawe ya volkano. Watoto husomea Qur'ani hapo alasiri, nasi huswali hapo tunapopata wageni. Jirani yangu, ambaye ni Mkristo, huwafungulia mbwa wake usiku kwa kuogopa wezi, na kila alfajiri nakuta kinyesi chao. Nimemweleza mara mbili, hakufanya lolote. Je, naweza kuwawekea sumu? Na swala tulizoswali hapo zina hukumu gani?

Jibu: Wa alaykum salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Ndugu yangu, naanza na sumu, kwa maana huenda umekwisha kuinunua: haifai, na ninakuomba uitupe leo mahali ambapo mtoto wala kuku hawezi kuifikia. Amepokea Muslim kutoka kwa Jabir kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwahi kuamuru mbwa wauawe, kisha akakataza. Zaidi ya hayo, mbwa hao ni mali ya mtu, naye anawafuga kwa ulinzi, jambo ambalo wanachuoni wengi wameliruhusu kwa kulifananisha na mbwa wa mifugo na wa shamba waliotajwa katika hadithi. Na anayeijua mitaa yetu nyakati za usiku hatashangaa kwa nini mtu afuge mbwa. Kumbuka pia yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatuni mwake ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe kwa tendo hilo. Mnyama hajui mpaka wa parsele. Anayeujua ni mwenye mnyama, na madai yako ni juu yake.

Madai hayo yana msingi. Ngamia wa Al-Baraa bin Azib aliingia katika bustani ya watu akaiharibu, na Mtume akahukumu kwamba wenye bustani wazilinde mchana, na wenye wanyama wabebe dhamana ya kinachoharibiwa usiku. Hukumu hii, iliyopokewa na Abu Dawud na wengineo, ndiyo waliyoishika Imamu Malik na Imamu Shafi, ingawa Wahanafi wana maoni tofauti. Nami naona kisa chako kinaikaribia sana, kwa kuwa jirani yako anawafungulia kwa makusudi, tena usiku, wakati ambao wewe huwezi kukesha ukilinda majani. Basi una haki ya kumtaka awafungie ndani ya ua wake mwenyewe, na gharama ya kilichoharibika ni yake.

Lakini namna ya kudai ndiyo inayonishughulisha zaidi. Abdullah bin Amr alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza kama jirani yao Myahudi amepelekewa nyama, akaeleza kwamba alimsikia Mtume akisema Jibrili aliendelea kumuusia kuhusu jirani hata akadhani atamrithisha. Ukristo wa jirani yako haumpunguzii haki hiyo. Mwendee mara ya tatu, mchana, ukiwa na mzee mmoja anayemheshimu, umwonyeshe mahali penyewe watoto wanapokaa. Akikataa, mpelekee shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wenu. Usimrushie kinyesi kile upande wake, wala usikitupe ziwani.

Wakati huohuo linda mahali pako. Makoro yanayotusumbua tukitaka kulima hujenga ukuta imara: ziba matundu yote, na penye ukuta mfupi panda michongoma. Vipande vya chupa na pilipili ya kuumiza macho viache, kwa sababu ni kumtesa mnyama. Okota kinyesi kila asubuhi kisha mwagia maji, maana mbwa hurudi pale anaposikia harufu yake, na mayai ya minyoo yaliyomo huweza kukaa udongoni miezi mingi, na watoto hushika udongo kisha hutia mikono kinywani.

Kuhusu swala: kinyesi cha mbwa ni najisi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kikishaondolewa, mahali hapo humwagiwa maji mara saba, na pakiwa ni udongo wenyewe hapahitaji kuongezewa udongo mwingine. Kama mliswali juu ya mkeka msafi na mkavu, swala zenu ni sahihi hata kama chini yake palikuwa na najisi kavu. Kama mliswali juu ya majani yenyewe bila kuona chochote, asili ya ardhi ni tohara, na shaka haiiondoi. Itakayolipwa ni ile tu ambayo una yakini kwamba najisi ilikugusa mwilini, nguoni au mahali uliposimama na kusujudu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.