Jukwaa limezungukwa na maji, mbona liliteketea?

Ndugu, umeuliza inakuwaje jukwaa la mafuta liungue ilhali maji yako pande zote. Chukua jukwaa la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, usiku wa tarehe 6 Julai 1988. Mchana mafundi waliondoa vali ya usalama ya pampu moja, wakaziba tundu kwa bamba la chuma ambalo halikukazwa sawasawa. Kibali cha kazi, yaani karatasi ya kueleza hivyo, hakikuwafikia wa zamu ya usiku. Pampu ya pili ilipogoma, wakawasha ile isiyo na vali. Gesi ikavuja, ikalipuka. Watu 167 wakafa.

Na maji? Pampu za kuzimia moto ziliwekwa zisijiwashe zenyewe, kwa kuwa wapiga mbizi walipokuwa chini zingeweza kuwavuta. Kuta nazo zilijengwa kuzuia moto, si mlipuko. Linaloniuma zaidi ni kwamba majukwaa jirani, yaliyounganishwa nalo kwa mabomba, yaliendelea kusukuma mafuta huku miali ikionekana kutoka mbali. Waliokuwa pale walisubiri amri ya kuondoka ambayo haikuja. Wengi wa walionusurika ni wale waliojirusha baharini.

Hapa Nairobi tuliona Embakasi, Februari 2024, gesi ikivuja na kulipuka. Mimi nashughulika na vibali vya kazi kiwandani, Industrial Area. Anayetoka zamu anatembea na anayeingia hadi kwenye mashine, anamwonyesha: hii imefunguliwa, usiguse. Wasipoonana, mashine haiwashwi, hata bosi apige simu mara ngapi.