Kabla hujawasha mashine: kwa wewe unayeanza mafunzo ya karakana

Mwanafunzi mpya akiingia karakana mara ya kwanza huogopa kelele. Anasimama mbali, anashika mikono nyuma, anauliza kabla ya kugusa chochote. Siku hizo sina wasiwasi naye. Wasiwasi wangu huanza baadaye kidogo, masikio yakishazoea na mikono ikishaanza kupata ujuzi, pale anapoweza kukereza kipande kizuri huku akipiga gumzo na mwenzake. Wakati wa kukata chuma chenyewe macho yote huwa kwenye kazi. Watu huumia wakati wa yale mambo madogo ya katikati: kupima, kufuta, kuondoa maranda ya chuma, kukaza kitu kilicholegea, kumalizia "kidogo tu" kabla ya kengele.

Kwa hiyo ninayokuandikia hapa yanahusu zaidi unachofanya kabla mashine haijawaka na baada ya kuizima. Sababu yake inaonekana ukipiga hesabu fupi. Chukua lethi, ile mashine inayozungusha chuma ili kisu kikikereze, inayozunguka mara 1500 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 25 kwa sekunde. Mtu aliye macho kabisa huhitaji karibu robo sekunde tangu aone jambo hadi mkono uanze kuitikia. Katika robo sekunde hiyo, chuma chenye kipenyo cha milimita 50 kimeshazunguka mara sita, na kama kimenasa mkono wa shati lako, kimeshajizungushia karibu mita nzima ya kitambaa. Mkono wako, kutoka bega hadi ncha ya vidole, haufiki mita moja. Ukishanaswa huna muda wa kuamua lolote. Uamuzi ulikuwa ni pale ulipokuwa unavaa.

Basi tuanze na mavazi. Ovaroli iwe ya saizi yako, vifungo vimefungwa, mikono imebana kwenye kifundo au imekunjwa kwa ndani hadi juu ya kiwiko. Ukiikunja kwa nje, mkunjo unabaki kama mfuko wa kunasia. Vua pete, saa, bangili na cheni. Kamba ya kitambulisho inayoning'inia shingoni iache kwenye begi, pamoja na waya za muziki za masikioni na zile kamba za kofia ya sweta. Anayevaa mtandio achomeke ncha zake zote ndani ya ovaroli. Viatu viwe vya kufunika mguu mzima, vyenye soli ngumu, kwa sababu maranda ya chuma hupenya soli laini na kipande cha chuma kikidondoka hakichagui kidole.

Nywele ndefu zifungwe nyuma kisha zifichwe chini ya kofia. Kuzifunga mkia peke yake hakutoshi, maana mkia ule ule huteleza mbele unapoinama kuangalia kazi. Mwezi Aprili 2011, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani alifariki baada ya nywele zake kunaswa na lethi katika karakana ya chuo. Ilikuwa usiku, na alikuwa anafanya kazi peke yake. Huwa nawaeleza wanafunzi habari hii siku ya kwanza, nao hunyamaza. Nataka wazingatie mambo yote mawili yaliyomo: nywele, na kuwa peke yako. Mwenzako akiwa hatua chache kutoka ulipo anaweza kubonyeza kile kitufe chekundu cha kuzimia mashine kwa dharura, ambacho wewe mwenyewe huwezi kukifikia. Usiwashe mashine karakana ikiwa tupu, hata kama umepewa ufunguo wa mlango.

Sasa glavu, jambo linalozua ubishi kila mwaka. Mwanafunzi mwenye akili timamu anajiambia kwamba chuma kina makali, glavu inakinga mkono, basi glavu ni salama. Ni kweli unapobeba mabati au unapopanga vyuma vilivyotoka kukatwa. Lakini mbele ya kitu kinachozunguka, glavu inageuka kuwa kamba iliyofungwa mkononi mwako. Ngozi tupu ikiguswa na biti ya drili hukatika, na utatoka damu, na utashonwa. Glavu ya ngozi au ya kitambaa haikatiki. Inajizungusha kwenye biti pamoja na vidole vilivyomo, na vidole vinavuta kiganja. Hivyo vaa glavu kwenye kubeba, vua kabla ya kufikia swichi, ziweke mahali ambapo hutazivaa tena kwa mazoea. Matambara ya kufutia ni vivyo hivyo: hakuna kitambaa kinachokaribia chuma kinachozunguka, hata kama unataka tu kufuta tone la mafuta.

Miwani ya kinga sitaieleza sana. Ivae ukivuka mlango, ivue ukitoka. Aliyekaa bila kazi naye avae, kwa sababu cheche za mashine ya jirani hazijui nani yuko kazini. Miwani ya kusomea haina kinga pembeni, kwa hiyo vaa ile ya kinga juu yake.

Tukija kwenye lethi yenyewe, kitu cha kwanza ninachomfundisha mtu ni ufunguo wa chaki, chaki ikiwa ni kile kichwa chenye taya kinachoshika chuma. Ufunguo ukisahauliwa kwenye chaki na mashine ikawashwa, unarushwa kwa nguvu, na mara nyingi aliyesimama kwenye njia yake ni yule yule aliyewasha. Nimeuona ufunguo uliorushwa namna hiyo ukitoboa tundu kwenye bati la ukuta, na sauti yake ilitosha kusimamisha darasa zima. Kanuni ni moja: mkono hauachi ufunguo mpaka ufunguo uwe umetoka kwenye chaki. Simu ikilia, kanuni ni ile ile. Mwalimu akikuita, ng'oa ufunguo kwanza ndipo ugeuke. Ziko funguo zenye springi ambazo hujisukuma zenyewe kutoka nje, na ni nzuri, lakini usijenge tabia yako juu ya springi, kwani kesho utapewa mashine isiyo na ufunguo wa namna hiyo.

Ukishakaza, zungusha chaki kwa mkono mzunguko mmoja kamili kabla ya kuwasha, umeme ukiwa umezimwa. Utaona kama taya zitagonga kisu au kishikilio chake, na utasikia kama chuma hakijakaa katikati. Kama chuma ni kirefu na kinatokeza nyuma ya mashine, kipunguze au kiwekewe mhimili. Chuma chembamba kinachoning'inia nyuma hupinda ghafla kasi ikipanda, kikawa fimbo inayopiga kila kilicho karibu. Anza na mwendo mdogo, usimame pembeni ya mstari wa chaki, sikiliza, ndipo uongeze.

Maranda marefu ya lethi yana moto na makali kwa pamoja, na yanapenda kujizungusha kwenye kazi hadi yawe furushi linalochapa. Usiyavute kwa mkono, hata mashine ikiwa imesimama. Zima, tumia ndoana na brashi. Yakiendelea kutoka marefu, mwulize mwalimu kuhusu pembe ya kisu na mwendo wa kukisogeza. Kisu kilichonolewa vizuri hukata maranda mafupi yanayodondoka yenyewe, na hapo usalama na ubora wa kazi vinakutana. Kupima ni mashine ikiwa imesimama kabisa. Usiisimamishe chaki kwa kiganja eti inachelewa. Na ukilazimika kung'arisha kwa msasa, shika utepe wake kwa ncha mbili, usiuzungushie kidole.

Siku utakayobadilisha chaki, weka ubao juu ya reli za mashine kwanza. Chaki ya milimita 200 ina uzito wa kilo 15 au zaidi, na inapotoka kwenye nyuzi zake hutoka ghafla. Ubao unaokoa vidole na unaokoa reli.

Drili ya kusimama ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, kwa sababu inaonekana ndogo na kila mtu ameshaona drili nyumbani. Mimi naiheshimu sana. Hatari yake haiji mwanzoni mwa tundu, inakuja mwishoni, biti inapotokeza upande wa pili. Pale, badala ya kukata, kingo za biti hunasa ukingo mwembamba uliobaki na kupanda juu na kipande chote. Kama kipande ni bati ulilolishika kwa mkono, sasa una kisu kinachozunguka mbele ya tumbo lako. Kwa hiyo kipande kiwe ndani ya jiliwa, yaani kibanio chenye taya mbili, na jiliwa lifungwe kwa bolti kwenye meza. Kama kipande ni kirefu na hakiingii kwenye jiliwa, kibane kwenye meza, na upande wake mrefu uwe kushoto kwako ili kikiponyoka kigonge nguzo ya mashine badala yako. Karibu na mwisho wa tundu punguza nguvu ya mkono. Kikinaswa na kuanza kuzunguka, usikikamate. Rudi nyuma, zima.

Mwendo nao ni usalama. Kwa biti ya kawaida ya chuma kigumu cha kasi (ile iliyoandikwa HSS), ukikata chuma laini, anza na mita 30 kwa dakika kwenye ukingo wa biti. Zidisha 30 kwa 1000, ugawe kwa kipenyo mara 3.14. Biti ya milimita 10 itakupa mizunguko kama 950 kwa dakika, ya milimita 20 kama 480. Nimewaona wanafunzi wakiacha mkanda wa kubadilishia mwendo pale alipouacha mwenzao wa zamu iliyopita, wakatoboa tundu la milimita 20 kwa mwendo wa biti ya milimita 5. Biti inaungua, mtu anakandamiza zaidi kwa hasira, biti inavunjika.

Jiwe la kunolea linahitaji subira ya dakika moja. Ukiliwasha, simama pembeni kwa dakika hiyo. Jiwe lenye ufa mara nyingi hupasuka mwanzoni. Kiegemeo, pale unapoegemeza kipande unachonoa, kiwe karibu na jiwe, nafasi isizidi milimita 3, na ukirekebishe jiwe likiwa limesimama. Nafasi ikiwa pana, kipande chembamba huvutwa ndani pamoja na kidole. Usinoe kwenye ubavu wa jiwe lililotengenezwa kunolea usoni, wala usinoe alumini au shaba kwenye jiwe la kunolea chuma, kwa sababu metali laini huziba vinyweleo vya jiwe, jiwe linapata joto na linaweza kupasuka. Kufunga jiwe jipya si kazi yako bado. Lakini mwombe mwalimu akuonyeshe anavyolining'iniza na kuligonga taratibu kwa mpini wa bisibisi: jiwe zima hulia wazi, lenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa. Pia muone anavyosoma idadi ya mizunguko iliyoandikwa kwenye karatasi ya jiwe na kuilinganisha na ya mashine.

Kwenye milingi, mashine ambayo kikataji chake chenye meno ndicho kinachozunguka, kumbuka tu kwamba kikataji hukata hata kikiwa kimesimama. Spana ikiteleza wakati unakaza, kiganja chako kinaishia kwenye meno yake. Kifunike kwa kitambaa kinene wakati wa kufunga, uondoe kitambaa na spana kabla ya kuwasha.

Yapo madogo ambayo hayana mashine. Tupa, yaani kile chombo cha kusugulia chuma, isiyo na mpini usiitumie; mkia wake huingia kiganjani. Upepo wa kompresa usijipulizie nguo wala ngozi. Unaweza kupenya ndani ya mwili kupitia kidonda, na unarusha chembe machoni mwa watu. Mafuta yaliyomwagika yafunikwe unga wa mbao papo hapo na yule aliyeyaona, hata kama hakuyamwaga. Na usikate metali usiyoijua jina: maranda ya magnesiamu yakishika moto, maji huyachochea zaidi, ndiyo maana kuna ndoo ya mchanga mkavu pale ukutani.

Siku ya kwanza, kabla ya kujua jina la mashine yoyote, jua kitufe chekundu cha kila moja kiko wapi, na swichi kuu ya karakana iko wapi. Uvifikie ukiwa umefumba macho. Umeme ukikatika, zima swichi ya mashine yako kabla ya kufanya kitu kingine. Ziko mashine za zamani ambazo umeme ukirudi huanza kuzunguka zenyewe. Mwenzako akinaswa, zima kwanza, usimvute. Chembe ikiingia jichoni, usisugue. Funika na uende kwa mhudumu wa afya.

Ukiwa umelala vibaya, umepewa dawa za kusinziza au una jambo zito moyoni, mwambie mwalimu. Kazi za benchi na za kuchora hazikosekani. Mwalimu anayekucheka kwa hilo amekosea, na wewe hujakosea. Mwambie pia kila jambo lililokaribia kukuumiza, hata kama hakuna aliyeona na hakuna kilichovunjika: ufunguo uliodondoka, jiliwa lililoteleza, mkono wa ovaroli uliogusa chuma kidogo tu. Mashine iliyokaribia kukudhuru asubuhi itatumiwa na mwenzako mchana, na yeye hajui ulichokiona.