Maswali ya Wasomaji: Wiki Mbili Katika Vijiji vya Yunnan

SWALI: Assalaam aleikum. Mwanangu anasoma Kunming, kusini-magharibi mwa China, naye ametualika mimi na baba yake tumtembelee kwa wiki mbili mwezi wa Novemba. Hatuna haja ya maduka makubwa; tunatamani kuona mashamba, milima na makabila tunayoyasikia. Hofu yetu ni chakula na baridi, maana sisi ni watu wa pwani. Tupite njia gani? — Mama msomaji, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam, Mama. Mwanao anasoma jirani na kwao Zheng He, yule amiri ambaye merikebu zake zilifika Malindi katika karne ya 15. Alizaliwa mwaka 1371 katika familia ya Waislamu huko Kunyang, kando ya ziwa Dian, kusini ya Kunming. Anzeni ziara yenu hapo, kwani ipo bustani ya kumbukumbu yake na kaburi la baba yake, aliyejulikana kwa jina la Haji. Kwa mtu wa mji ambao ujumbe wake ulimpelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415, naona hiyo ni ziara ya wajibu.

Jimbo la Yunnan lina makabila asilia 25 mbali na Wachina wa Han, na wageni wengi hukosea kwa kutaka kuyaona yote kwa mkupuo mmoja, wakaishia kuyaona madirisha ya basi. Kusini kuna matuta ya mpunga ya Wahani huko Yuanyang, yaliyotiwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2013, nayo ni mazuri mno. Lakini kwa wiki mbili nawasihi mshike njia moja tu, ya magharibi, kwa sababu inapanda mlima taratibu na Waislamu wako njiani.

Treni ya mwendo kasi huchukua takriban saa mbili hadi Dali, nchi ya Wabai, kati ya ziwa Erhai na milima ya Cangshan. Msilale mjini, laleni Xizhou, kijiji cha nyumba za kale zenye kuta nyeupe zilizochorwa, ambako soko la asubuhi hujaa mboga za mashambani. Karibu yake ni Zhoucheng, ambako kitambaa hukunjwa na kushonwa kwa uzi kabla ya kuchovywa katika rangi ya nili, kisha uzi ukifumuliwa hubaki maua meupe. Ketini na akina mama wanaoshona, kwani kazi ile haifahamiki kwa kupita.

Mahali ninapopapenda zaidi ni Donglianhua, katika wilaya ya Weishan, kusini ya Dali. Ni kijiji cha Waislamu wa kabila la Hui, ambao mababu zao waliendesha misafara ya nyumbu na farasi kupitia milima hiyo. Msikiti wake umeezekwa vigae, kwa paa la Kichina lenye pembe zilizopinda juu. Kaeni hapo siku mbili au tatu.

Lijiang, mji wa Wanaxi, uliingia UNESCO mwaka 1997, miaka minne kabla ya mji wetu wa Lamu, lakini leo umejaa maduka ya watalii. Siku moja inatosha, ili mwone maandishi yao ya picha. Shangri-La, mji wa Watibeti ulio mbele ya Lijiang kwenye njia hiyo hiyo, uko zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Ikiwa mmoja wenu ana shinikizo la damu au maradhi ya moyo, muulizeni daktari kwanza.

Kuhusu chakula, mwanao awafundishe maandishi mawili yasomwayo «qingzhen», ambayo huwekwa juu ya mikahawa ya Waislamu. Nje ya mikahawa hiyo msiridhike kwa kuambiwa kwamba ni mboga tupu, kwa kuwa mboga nyingi za Yunnan hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Mchana wa Novemba huwa na jua zuri, ila usiku ni baridi na nyumba nyingi za vijijini hazina joto. Chukueni sweta nzito na soksi za sufu.

Kila mgeni lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu afike anapolala. Hoteli hufanya hivyo yenyewe, lakini mkilala nyumbani kwa mtu, nendeni kituoni wenyewe pamoja na mwenyeji wenu, mkiwa na pasipoti.